Riziki, Wito na Takwimu: Mwanafunzi wa Handeni na Korogwe Mbele ya Soko la Ajira

Swali la kama takwimu zina haki ya kumwelekeza kijana katika kuchagua kazi ya maisha yake huachiwa mara nyingi wachumi na maofisa wa elimu, ilhali kwa asili yake ni swali la maadili na la imani, kwa kuwa linagusa mambo matatu ambayo hakuna jedwali linaloweza kuyamaliza: mtu ni nani, riziki yake hutoka wapi, na ana deni gani kwa wale anaoishi nao. Taarifa za soko la ajira ni maelezo yanayokusanywa kwa utaratibu kuhusu kazi zilizopo na zinazotazamiwa, ujuzi unaotafutwa, ujira unaolipwa, wingi wa wanaogombea nafasi zile zile, na hatima ya waliosomea fani fulani miaka iliyotangulia. Kumwelekeza mwanafunzi kwa taarifa hizo ni kumwekea maelezo hayo mbele yake wakati anapoamua asome nini. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wakati huo una siku yake inayojulikana: ni siku ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anakabidhiwa fomu ya machaguo, maarufu kama selform, ajaze tahasusi anazozitaka, yaani mkusanyiko wa masomo matatu atakayoyasoma kidato cha tano, pamoja na vyuo ambavyo angependa kupelekwa.

Fomu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Tahasusi huandikwa kwa herufi chache tu, PCB kwa fizikia, kemia na baiolojia, HGL kwa historia, jiografia na Kiingereza, EGM kwa uchumi, jiografia na hisabati, na ndani ya herufi hizo umejificha mlango wa udaktari, wa sheria, wa ualimu au wa uhasibu, pamoja na milango mingine inayofungwa kimya kimya, bila kijana kuisikia ikifungwa. Mwaka 2024 serikali iliongeza idadi ya tahasusi kutoka 16 hadi 65, hata uwanja wa kuchagua ukapanuka mara nne kwa mpigo mmoja. Kinachobaki kuulizwa ni mwanafunzi wa shule ya kata iliyo kando ya barabara ya Mkata, Kabuku au Mombo anaingia katika uwanja huo akiwa ameshika nini mkononi. Kwa kawaida ana alama zake za mtihani wa moko, yaani wa majaribio, ana neno la mwalimu wa taaluma, ana matumaini ya mzazi, na ana mfano wa jamaa mmoja au wawili waliofanikiwa, ambao kwa sababu ya kufanikiwa wanaonekana, wakati wale kumi waliopita njia ile ile na kukwama hawaonekani.

Neno ajira lenyewe linafaa kufunguliwa kabla ya kwenda mbali, kwa kuwa limebeba nusu ya hoja. Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi huchanganywa, kazi na ajira. Mkulima wa Kwamatuku anayelima mahindi yupo kazini tangu alfajiri, lakini akiulizwa kama ana ajira atajibu kuwa hana, na jibu lake ni sahihi, kwani ajira ni kazi ya kupatana na mtu mwingine kwa malipo. Neno hilo lina undugu na ujira na ijara, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara yake, wanaifafanua ijara kuwa ni mkataba wa kuuza manfaa kwa malipo yanayojulikana. Aliyepanga nyumba amenunua manfaa ya kukaa ndani yake, hakununua nyumba; na aliyemwajiri fundi amenunua manfaa ya mikono yake kwa muda au kwa kazi iliyotajwa, na fundi mwenyewe hayumo katika mauzo. Shingo ya mtu huru haiingii katika mapatano. Kwa ufafanuzi huo, soko la ajira ni soko la manfaa, na taarifa zake, hata zikiwa kamili kiasi gani, zinasema habari za manfaa peke yake.

Mwalimu Julius Nyerere aliligusa jambo hilo hilo kutoka upande mwingine mwaka 1974, alipozungumza Dar es Salaam mbele ya mkutano kuhusu elimu na ukombozi. Alikuwa akiwajibu wasomi waliodai kwamba thamani yao sokoni ilizidi mishahara waliyolipwa Tanzania, na jibu lake lilikuwa kwamba hakuna binadamu mwenye thamani ya sokoni isipokuwa mtumwa. Wapo wanaolichukulia jibu hilo kuwa ni la siasa za wakati wake tu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu Nyerere alikuwa akitenganisha vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa leo anafundishwa kuvichanganya kila anapoambiwa kwamba lazima ajiuze. Anayejiuza ameingiza shingo mahali pa manfaa.

Upande huu wa Tanga, tofauti hiyo iliandikwa katika miili ya watu kabla ya kuandikwa vitabuni. Katika karne ya 19 njaa kali ziliipiga nchi ya Wazigua, na watu wengi wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wakawa watumwa katika mashamba ya huko. Wazao wao waliokaa bonde la mto Juba walikihifadhi Kizigua hadi vita vya Somalia vilipowatawanya baada ya mwaka 1991, na baadhi yao wakarudi Tanzania kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na hatimaye uraia. Masimulizi yaliyobaki kwa vizazi vyao yanasema kwamba wazee wao walipanda vyombo vile wakiwa wameahidiwa chakula na kazi ng'ambo. Ahadi ile, ikitazamwa kwa jicho la mada hii, ilikuwa taarifa ya ajira: ilitaja kazi, mahali na malipo, na ilikuwa ya uongo. Binti wa leo anayeahidiwa na wakala kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, bila kuonyeshwa mkataba wala kuelezwa saa za kazi, amesimama karibu na ufuko ule ule. Kwa hiyo ukweli wa taarifa za kazi ni jambo la uhuru wa mtu kabla haujawa jambo la ufanisi wa uchumi.

Mkonge uliendeleza somo hilo kwa namna nyingine. Zao hilo, lililoanzia katika miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000 ambayo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida na kuipokea mwaka 1893, lilifuata reli iliyofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya Ngombezi, Magunga, Magoma na Hale yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwa tayari kutolewa na wenyeji. Ukataji wa mkonge ni kazi ya kuinama: mkataji huondoa kwanza mwiba wa ncha, akakata jani karibu na shina, akahesabu majani 30 na kuyafunga mzigo, kisha akaanza tena, huku mizigo ikisubiri kupelekwa kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha singa. Wazigua, Wabondei na Washambaa wengi walipima kazi hiyo na ujira wake, wakaona afadhali walime na kuwauzia wenye mashamba chakula. Walikuwa na taarifa za soko la ajira bila kuwa na ofisi ya takwimu, na uamuzi wao ulikuwa wa busara. Pengo lao likajazwa na watu walioletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, ambao Kiswahili kiliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake, na siku zake za kazi zikahesabiwa kwenye kipande cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU, na ofisi hiyo ilijua kwa usahihi ni watu wangapi wanahitajika, watoke wapi na wafike lini. Ulikuwa mfumo bora wa taarifa za soko la ajira, ila ulikuwa ukimtumikia mnunuzi peke yake. Kibarua hakuambiwa chochote zaidi ya kile kilichotosha kumpandisha garimoshi.

Kutokana na historia hiyo swali linaweza sasa kuulizwa kwa usahihi zaidi: taarifa za kazi zikielekezwa kwa kijana mwenyewe, zikawa mali yake na za kweli, je, zina mamlaka gani juu ya uamuzi wake? Pingamizi la kwanza linatoka katika imani. Wazee wa Handeni na Korogwe, Waislamu kwa Wakristo, wanasema riziki hutoka kwa Mungu, na aya ya mwisho ya Surat Luqman inalihesabu chumo la kesho miongoni mwa mambo ambayo nafsi haiyajui. Ikiwa ndivyo, kumhesabia kijana nafasi za miaka mitano ijayo kunaonekana kuwa ni kuchungulia ghaibu, yaani mambo yaliyofichwa kwa wanadamu. Pingamizi hili halifai kupuuzwa, kwa sababu lina hekima inayokosekana kwa wengi wanaotumia makisio: linamkumbusha mhesabuji kwamba hesabu yake ina mwisho. Hata hivyo, tawakuli, yaani kumtegemea Mungu katika matokeo, haikufundishwa kamwe kuwa ni kuacha sababu. Mapokeo mashuhuri ya Mtume yanaeleza habari ya mtu na ngamia wake, naye anaagizwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Anayejua kwamba riziki inatoka kwa Mungu bado hutazama mawingu kabla ya kupanda.

Kisa kinachokaribia zaidi mada hii ni cha Yusuf, kinachosomwa na Waislamu katika sura ya 12 ya Kurani na vilevile na Wakristo katika kitabu cha Mwanzo, na kwa hiyo kinaweza kuzungumzwa darasani Handeni bila kumwacha mtu nje. Yusuf anatafsiri ndoto ya mfalme wa Misri: ng'ombe 7 wanono na 7 waliokonda ni miaka 7 ya neema na 7 ya njaa. Watu wengi huishia katika ajabu ya utabiri. Kinachofuata ndicho kizito zaidi, kwa kuwa katika masimulizi ya Kurani Yusuf mwenyewe anaomba awekwe juu ya hazina za nchi, na anataja sifa mbili zinazomstahilisha, kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Hapo mtu amelitazama hitaji linalokuja, akautazama uwezo wake, akayaunganisha mawili hayo, akaomba kazi. Hakuna alama ya upungufu wa imani katika ombi hilo, wala Yusuf hakutaja malipo. Yanayomsukuma ni matumbo ya watu katika miaka ambayo bado haijafika.

Hoja hiyo ilipewa umbo la kifiqhi na Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha elimu kilicho mwanzoni mwa Ihya Ulum al-Din. Al-Ghazali anatumia dhana ya fardhi kifaya, maana yake wajibu ulio juu ya jamii nzima kwa pamoja, ambao wakitokea wa kutosha kuutekeleza wengine husamehewa, na asipotokea hata mmoja dhambi huwashukia wote. Wengi huijua dhana hiyo kwa mfano wa kumsalia maiti. Al-Ghazali anaipeleka mbali zaidi: tiba ni fardhi kifaya, hesabu ni fardhi kifaya, na vivyo hivyo kilimo, ufumaji, ushonaji na hata upigaji chuku. Kisha anatoa lawama ambayo mtu angedhani imeandikwa kwa ajili ya karne hii. Anasema ipo miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, wakati vijana wanamiminika kusoma fiqhi, hasa sehemu ya mabishano, na mji umejaa watoa fatwa; na sababu anaieleza wazi, kwamba udaktari hauleti usimamizi wa wakfu, wasia na mali za mayatima, wala hauleti ukadhi.

Katika lawama hiyo kuna mambo mawili yanayopaswa kuzingatiwa na kila anayemshauri mwanafunzi. La kwanza ni kwamba fardhi kifaya haiwezekani kutekelezwa bila kuhesabu. Mtu hawezi kujua kama wajibu wa tiba bado unamkabili ama umeshabebwa na wengine mpaka ajue matabibu wangapi wapo na mji unahitaji wangapi, kwa hiyo kukusanya na kutangaza taarifa hizo ni sehemu ya wajibu wenyewe, kama vile kuujua mwezi ni sehemu ya kufunga. La pili ni gumu zaidi: soko la wakati wa al-Ghazali lilikuwa likitoa taarifa zake kwa sauti kubwa, likisema fiqhi ya mabishano inalipa, na vijana waliisikia na kuitii, na ndiyo sababu mji ulikosa tabibu. Taarifa za malipo na taarifa za mapengo ni vitu viwili, na anayedhani kwamba zile za kwanza zinatosha kumwonyesha zile za pili anarudia kosa lile lile.

Upande wa Ukristo, ulioingia eneo hili kupitia Waanglikana wa Magila na Walutheri wa milima ya Usambara, neno linalolingana na mjadala huu ni wito. Kwa karne nyingi wito ulimaanisha kuitwa katika utawa au ukuhani, mpaka Martin Luther, aliyefariki mwaka 1546, alipofundisha kwamba fundi viatu na mtumishi wa nyumbani wameitwa na Mungu kama padri alivyoitwa, kwa kuwa kupitia mikono yao Mungu humhudumia jirani. Fundisho hilo ni zuri na bado lina kazi ya kufanya mahali ambapo kijana anayejifunza uashi anaonekana kuwa ameshindwa shule. Lakini Luther aliliegemeza katika maneno ya Paulo kwa Wakorintho kuhusu kila mtu kukaa katika hali aliyoitwa nayo, na neno hilo kukaa likichukuliwa bila uangalifu humfunga mtoto wa mkata mkonge katika mkonge. Tanzania imeshuhudia namna nyingine ya kulitumia vibaya neno wito. Mwalimu anayelalamikia mshahara au nyumba ya kuishi huambiwa kwamba ualimu ni wito, na hapo neno takatifu linageuzwa kuwa kizibo cha mdomo. Wito wa kweli unaongeza haki ya mtu ya kujua ukweli wa mahali anapokwenda. Mtu hawezi kuitikia sauti kwa dhati ikiwa wenye kuisikia kwa niaba yake wamemficha nusu ya maneno.

Aristotle, katika sehemu ya tatu ya maadili yake kwa Nikomako, aliweka kanuni kwamba tendo lililofanywa kwa kutojua mambo yake muhimu haliwezi kuitwa la hiari kamili. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi anayejaza selform bila kujua kilichowapata waliojaza herufi zile zile miaka mitano kabla yake hajachagua kwa uhuru, hata kama hakuna aliyemlazimisha. Hapa ndipo taarifa za soko la ajira zinapopata haki yao ya kwanza mbele ya mtoto: hazimpunguzii uhuru, zinamkamilishia. Sheria za biashara katika Uislamu zinakaza zaidi, kwa kuwa zinamkataza muuzaji kuficha kasoro ya bidhaa anayoijua. Chuo kinachotangaza kozi kwa picha za majoho na kuinyamazia hali ya wahitimu wake, ilhali kinaijua, kinatenda lile ambalo muuza ng'ombe angelaumiwa nalo katika gulio lolote la Handeni.

Hata hivyo, haki ya taarifa kusikilizwa haiwi haki ya kutawala, na sababu ya kwanza imo katika mkonge wenyewe. Mtu aliyemshauri kijana wa Korogwe mwanzoni mwa miaka ya 1960 ajifunze ufundi wa mitambo ya mkonge alikuwa na takwimu bora kabisa upande wake, kwa kuwa zao hilo lilikuwa mstari wa mbele katika mauzo ya nchi nje na uzalishaji ulipanda hadi takriban tani 230,000 mwaka 1964. Wakati ule ule viwanda vya nchi za mbali vilikuwa vikianza kusokota kamba za nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu tani 20,000. Kijana yule asingeweza kulaumiwa, wala mshauri wake. Takwimu zilisema kweli kuhusu jana. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443 na linalokatiza Handeni na Korogwe, linaleta onyo hilo hilo kwa kasi zaidi: ujenzi wake huhitaji wachomeleaji, madereva na vibarua kwa miaka michache, kisha bomba likishafukiwa linahitaji walinzi na mafundi wachache tu, na mtoto aliyeingia kidato cha kwanza akisikia habari za ajira za bomba anamaliza shule wakati mitaro imeshafunikwa.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Ng'ombe wa ndoto ya mfalme wa Misri hawakuisikia tafsiri ya Yusuf, na mvua haibadili nia yake kwa kusikia utabiri. Wanafunzi, kinyume chake, wanausikia utabiri wa kazi na kuufuata, na kwa kuufuata wanauharibu. Wachumi huita hali hii utando wa buibui, kwa sababu mchoro wake huzunguka na kuzunguka bila kutulia: upungufu wa wataalamu hupandisha malipo, vijana wengi huingia masomoni, wanahitimu pamoja baada ya miaka minne, malipo huanguka, wanaofuata hukimbia fani hiyo, na upungufu hurudi. Richard Freeman aliionyesha kwa wanasheria na wahandisi wa Marekani katika miaka ya 1970. Tanzania ina mfano wake wenyewe, na ni mchungu. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi baada ya mwaka 2004, ualimu ukawa ndiyo fani yenye uhakika. Wanafunzi wa ualimu walipewa kipaumbele katika mikopo ya elimu ya juu, vyuo vikaongeza nafasi, na wahitimu wa mwanzo wakapangiwa vituo moja kwa moja. Ushauri wa kwenda ualimu ulikuwa wa kweli kwa waliousikia mapema. Ilipofika katikati ya miaka ya 2010 walimu wa masomo ya sanaa walikuwa wamezidi nafasi za kuajiriwa, upangaji wa moja kwa moja ukasimama, na wahitimu wakawa wanagombea kwa maelfu nafasi chache zinazotangazwa.

Lakini kueleza jambo hili kwa utando wa buibui tu ni kuliacha nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito wa kimaadili. Shule yenye mikondo minne na mwalimu mmoja wa hisabati ina haja ya mwalimu. Haina uhitaji wa sokoni mpaka kibali cha ajira kitoke na fungu la mshahara litengwe. Haja ni pengo katika maisha ya watu, na uhitaji wa sokoni ni pengo lenye fedha nyuma yake. Mwalimu asiye na ajira na darasa lisilo na mwalimu wanaweza kukaa katika kata moja kwa miaka, wakitazamana, na takwimu za soko zikasema kwa usahihi kamili kwamba walimu wamezidi. Mara nyingine wanaonana kwa njia ya kujitolea, yaani mhitimu anafundisha kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi huku akisubiri tangazo, na mwaka unaofuata anaondoka kwenda kuendesha bodaboda. Kwa kipimo cha al-Ghazali fardhi kifaya haijatimizwa hapo na dhambi bado inaelea juu ya jamii nzima, wakiwemo wale wanaopanga bajeti. Kwa kipimo cha soko hakuna kilichoharibika. Mwanafunzi anayeonyeshwa kipimo cha pili peke yake anafundishwa, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba haja za watu wasio na fedha si haja.

Taifa liliwahi kujaribu njia iliyo kinyume, na ni haki kuikumbuka bila dharau wala kuitukuza. Baada ya Uhuru serikali ilifanya uchunguzi wa mahitaji ya wataalamu, wa George Tobias mwaka 1962 na wa Robert Thomas mwaka 1964, ikajiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980, na wanafunzi wa chuo kikuu waliosomeshwa kwa fedha za umma wakafungwa na mapatano ya kulitumikia taifa miaka 5. Hapo haja ya nchi ilihesabiwa na ikapewa fedha, jambo ambalo soko halifanyi. Kilichopungua ni sauti ya mhusika: kijana aligawiwa masomo na kazi kama kipande cha mpango, na mara nyingi hakuulizwa. Sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 na wakala wa huduma hizo ulioanza mwaka 2008 vililenga kumrudishia mtafuta kazi taarifa mkononi mwake, ila ofisi zake zilikaa katika miji mikubwa, na mtoto wa Kwamsisi hakuwahi kupita mlangoni pake.

Mkondo wa amali, yaani elimu ya sekondari inayounganisha masomo ya kawaida na ufundi, ulioingizwa na sera ya elimu ya mwaka 2014 toleo la 2023, unalirudisha suala hili katika meza ya kila mkuu wa shule. Ni hatua yenye faida, na fundi mwenye ujuzi uliothibitishwa hapaswi kuwa chini ya mtu yeyote. Hatari yake ni ile ya Plato, aliyependekeza watu waaminishwe kwamba wamezaliwa na madini tofauti nafsini, dhahabu kwa watawala na shaba kwa mafundi. Ikiwa taarifa za soko zitatumika kumwambia mtoto wa Handeni vijijini kwamba soko linataka wachomeleaji, na wakati huo huo mtoto wa mjini akaambiwa kwamba soko linataka madaktari, basi takwimu zitakuwa zimefanya kazi ya hadithi ya Plato kwa lugha ya kitaalamu. Takwimu haina kabila wala kijiji. Anayeigawa ndiye anayeweza kuwa navyo.

Kutokana na hayo yote, namna ya haki ya kumpa mwanafunzi taarifa hizi inaweza kuelezwa kwa udogo wake kabisa, kwa kiwango cha ubao wa matangazo wa shule ya kata. Mwezi mmoja kabla ya selform kujazwa, ubao huo unaweza kubeba karatasi yenye safu mbili zilizoandikwa kwa mkono. Safu ya kwanza inaorodhesha kazi zinazolipwa sasa katika wilaya na mkoa, malipo yake ya kawaida, wangapi wanaziomba, na wanafunzi wa shule hiyo hiyo waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi, kwa idadi bila majina. Safu ya pili inaorodhesha mapengo: zahanati isiyo na mtaalamu wa maabara, mifugo inayokufa kwa kukosa daktari wake, skimu ya umwagiliaji isiyo na fundi wa pampu, darasa lisilo na mwalimu wa fizikia. Chini yake panaandikwa tarehe ya kukusanywa, ili msomaji ajue kwamba anasoma habari za jana. Mstari mmoja ukionekana katika safu ya pili na usionekane katika ya kwanza, mwanafunzi atauliza kwa nini, na swali hilo halitakuwa la mwalimu wa taaluma peke yake kulijibu; litapanda hadi kwa diwani, kwa halmashauri, na kwa msikiti na kanisa ambavyo kila wiki huchangisha fedha za kufanyia mambo ya kheri.